Mkanda wa Mtasema

Susuni, Tarime
Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Dada Everlyne,

Mwalimu wetu wa Kiswahili anatufundisha kwamba barua nzuri huanza na hali ya mwandishi, kisha hali ya nyumbani, ndipo jambo lenyewe lifuate. Leo nitaanza na jambo. Naahidi kukueleza yote kama yalivyotokea, nisipunguze wala nisiongeze, hata yale ambayo Bibi amesema nisikuandikie. Nawe naomba unifanyie vivyo hivyo.

Mtasema amemng'ata Bhoke.

Ni jana, baada ya kutoka shule. Mama Bhoke alimtuma mtoto kwetu kuazima chekeche. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Mtasema alikuwa amelala kando ya ghala akiguguna kwato la ng'ombe. Unajua watoto wa hapa tangu ile siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa wanacheza mchezo wa chanjo: mmoja anakuwa bwana mifugo na mwiba wake, mwingine anakuwa mbwa na kamba ya mgomba shingoni. Bhoke alitaka kuuona mkanda mwekundu wa kweli, ule wanaovalishwa mbwa waliochanjwa. Nilimsikia akisema, "Mbwa, lete shingo." Nilipogeuka, alikuwa ameshaushika, anauvuta. Nilipiga kelele, lakini Mtasema alikuwa na kwato mdomoni na mkono wa mtu shingoni. Alimng'ata mkono juu ya kiganja, mara moja, akamwachia.

Nilimbeba mpaka kwenye madumu. Nilimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, nikaendelea kuosha mpaka dumu likaisha, kama alivyotufundisha bwana mifugo alipokuja darasani. Mama yake alikuja mbio na chupa ya mafuta ya taa. Nikamwomba, "Mama, tafadhali usimpake hayo." Akasema, "Na wewe tangu lini umekuwa daktari?" Lakini aliiweka chupa chini.

Kisha akaja Baba Bhoke mwenyewe, mzee Ryoba, na panga.

"Yuko wapi? Leo ndiyo nitamfundisha kusema!"

Bibi alitoka ndani taratibu, akasimama mbele ya mlango. "Ryoba! Siku hizi hodi ya nyumba yangu inapigwa kwa panga?"

"Shikamoo mama. Mtoto wangu ameliwa."

"Marahaba. Weka hilo chini, tuzungumze kama watu."

Hakuliweka. Alimfuata Mtasema mpaka nyuma ya ghala, nami nikamfuata nikilia. Mtasema alikuwa ameinamisha kichwa, mkia katikati ya miguu, anajua amekosa. Mzee Ryoba aliinua panga, halafu akauona mkanda. Akalishusha. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Kumbe ameshachomwa huyu."

Hapo mambo yote yakapoa. Bibi alisema mtoto apelekwe hospitali mjini hata hivyo. Mzee Ryoba akacheka. "Twende Bomani kufanya nini? Mbwa ameshachomwa, sasa na mtoto achomwe? Sindano moja mnataka kuichoma mara mbili?" Watu waliokuwapo wakacheka pia. Wakaenda nyumbani na chekeche.

Dada, kila mtu ametulia isipokuwa mimi. Sababu yangu ni hii. Mwezi uliopita Mtasema alirudi kutoka mtoni na jeraha puani. Wachungaji walisema alipigana na mbwa mgeni, mbwa ambaye alikuwa anatembea anayumba, mate yanamtoka. Jeraha likapona, watu wakasahau. Na siku ya chanjo mimi sikuwapo. Nilikuwa kwenu Bomani, kwa shangazi, mama yako, naumwa malaria. Wewe ulikuwa hapa likizo, nawe ndiye uliyewapeleka mbwa wetu wawili uwanjani, Mtasema wako na Popi wangu.

Bibi anasema nisikusumbue kwa kuwa mtihani wako wa kidato cha pili uko karibu. Lakini hakuna mwingine wa kumuuliza. Mama Nyangwine anapeleka dagaa Mugumu kesho na atapita shuleni kwenu. Amesema atakusubiri uandike.

Ulimwona kwa macho yako Mtasema akichomwa sindano?

Mdogo wako,
Rhobi Werema


Shule ya bweni, Manchira
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Rhobi,

Yawa, pole sana na hayo. Nimesoma barua yako nimejificha chooni, maana matroni wetu akiona karatasi tu anadhani ni ya mvulana. Mwambie Bibi nampa shikamoo na kwamba ninakula vizuri. Huku maji ya bwawa yamepungua, tunachota kwa zamu na kwa ugomvi. Jana wasichana wa bweni la pili walimwagiana ndoo, mmoja akaitwa ofisini. Hisabati bado inanitesa. Kiingereza nimepata alama nzuri, ukimwona mama mwambie.

Kuhusu Mtasema, mbona unajitafutia maradhi ya moyo? Mkanda anao au hana? Anao. Mzee Ryoba mwenyewe, ambaye hajawahi kukubaliana na boma letu hata juu ya mvua, ameuona na amekubali. Mbwa wote niliwapeleka mimi, kwa mikono yangu, na kamba ya mkonge ilinichuna viganja. Kama unataka ushahidi, njoo uone makovu.

Huyo Bhoke naye nani alimwambia amshike mbwa anayekula? Hata mimi ukinivuta shingo nikiwa na nyama mdomoni nitakung'ata.

Hata hivyo, kwa ajili ya amani, mimi naona Mtasema aondoke hapo kwa muda. Mwambie baba akija kwenye biashara zake amchukue mpaka Sirari, avushwe kwa baba mdogo Okech upande wa pili wa mpaka. Okech ana ua mkubwa na hapendi maswali. Mzee Ryoba anabadilika kama hali ya hewa. Leo ameshusha panga, kesho ataliinua.

Tena wewe usimlishe kwa mkono. Msukumie chakula kwa fimbo. Na asikulambe, hasa kama una mchubuko. Usimwambie Bibi nimesema hivyo, atapata hofu bure.

Mama Nyangwine ananiita langoni. Soma sana, mdogo wangu.

Dada yako,
Everlyne Akello Ogada


Susuni
Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Dada Everlyne,

Siwezi kusubiri Jumamosi. Barua hii nampa Vincent, kondakta wa basi la Mugumu, ambaye ni mtoto wa kanisani kwetu. Amesema ataikabidhi kwa mlinzi wenu kesho.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Uliandika kwamba uliwapeleka. Hukuandika kwamba walichomwa. Nimejiambia ni haraka tu, maana Mama Nyangwine alikuwa anakusubiri. Lakini kama Mtasema amechanjwa, kwa nini asinilambe? Na kwa nini avushwe mpaka Kenya, mbwa ambaye hana kosa isipokuwa kuvutwa shingo?

Leo asubuhi nilimfunga kwenye zizi la zamani la mbuzi. Sikutaka kumfunga, ila alikuwa hajagusa maji tangu jana. Bibi anasema amenuna kwa kuwa watu wamemzomea. Niliuvika mkono wangu mfuko wa plastiki, nikapitisha mnyororo kwenye mkanda wake. Hapo ndipo nilipoliona.

Mkanda una tundu la ziada. Liko mbali, ndani kabisa, mahali ambapo shingo ya Mtasema haihitaji tundu. Kingo zake zimeyeyuka kidogo na upande mmoja umepinda, kwa sababu msumari uliponichoma nilishtuka nikauvuta vibaya. Nalijua tundu hilo. Nililitoboa mimi. Niliporudi kutoka Bomani siku ile nilimkuta Popi ana mkanda unaomvuka masikio, shingo yake ilikuwa nyembamba, nikapasha msumari motoni nikamtobolea tundu lake. Mtasema wakati huo alikuwa bado malishoni na ng'ombe, sikumwona mpaka jioni ya kesho yake, na alipokuja alikuwa na mkanda. Nilifurahi. Sikumwangalia Popi shingoni tena, nilijua anao wake.

Siku ile niliyorudi ilikuwa imetangazwa kwamba vijana wa doria watapita, na mbwa yeyote asiye na mkanda watamuua. Na asubuhi baada ya Mtasema kurudi wakamkuta Popi kisimani, hana mkanda. Uliponiletea habari ile ulisema mkanda ulimvuka shingoni, ukapotelea vichakani, maana shingo yake ilikuwa nyembamba.

Dada, tangu Juni hadi leo mimi nimeamini kwamba nilimuua Popi. Niliamini tundu langu lilikuwa legevu. Sikumwambia mtu. Kila nikipita kisimani naangalia vichakani, labda nitauona mkanda, labda umekatika wenyewe, nipumzike.

Sitaki kuliamini tundu kuliko ninavyokuamini wewe. Ndiyo maana nakuuliza tena.

Bhoke anacheza hapa nje ninapoandika. Mkono umefungwa kitenge cha mama yake. Ameniuliza, "Rhobi, Mtasema bado amenikasirikia?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi nitamletea ugali nimwombe msamaha." Bwana mifugo alitufundisha kwamba ugonjwa ule ukishaanza ndani ya mtu, hakuna dawa duniani. Dawa ipo kabla tu. Anaruka kamba, dada. Anahesabu na kukosea, anaanza upya.

Nikisema, mzee Ryoba atamuua Mtasema leo hii. Mbwa huyu ni wako, lakini unajua ni nini kwangu. Mwaka juzi Babu alipokataa nipelekwe kukeketwa pamoja na wenzangu, kijiji kizima kilimsema, na mzee Ryoba ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kwamba Werema amemlea msichana asiye na mwenyewe. Wiki ile watoto wa mbwa walizaliwa, Babu akambeba mmoja mpaka njia panda akamwita kwa sauti watu wote wasikie: "Mtasema! Mtasema, njoo!" Babu hayupo sasa. Kila nikimwita mbwa huyu ni kama namsikia yeye.

Lakini Bhoke anaruka kamba.

Niambie neno moja tu, ndiyo au hapana. Kama matroni wako atakuruhusu simu, piga kwa Bibi. Nitakaa karibu nayo.

Rhobi


Manchira
Jumatano, 9 Oktoba 2024

Rhobi,

Barua yako nimeipata jana saa ya chakula. Nilienda kwa matroni kuomba simu nikamwambia nyumbani kuna mgonjwa. Akapiga yeye mwenyewe, akanipa, akasimama pale pale amekunja mikono, na walimu wawili wakisahihisha daftari nyuma yake. Bibi akapokea. Nilitaka kusema. Nikasikia mdomo wangu unauliza, "Bibi, Mtasema hajambo?" Bibi akasema, "Hajambo. Na wewe?" Nikasema sijambo. Matroni akachukua simu yake, akasema, "Yaani mgonjwa ni mbwa?" Ofisi nzima ikacheka.

Jibu ni hapana. Hakuchomwa.

Siku ile foleni ilikuwa ndefu na mbwa wanagombana. Popi alitulia kama mtoto wa shule ya Jumapili, akachomwa, akavalishwa mkanda. Mtasema alipoisikia harufu ya ile dawa alijirusha, kamba ikakatika, akakimbilia walikokuwa ng'ombe. Watu wakanicheka. Bwana mifugo akaniambia, "Binti, kesho tuko kijiji cha pili, mlete." Sikumpeleka. Ni mbali, nami nilikuwa nimepanga kwenda kusukwa. Nikajiambia mwakani watarudi.

Kisha ikatangazwa habari ya doria. Mtasema hatulii nyumbani, anazunguka na ng'ombe kutwa nzima, wangemuua siku ya kwanza. Popi alikuwa mbwa wa jikoni, hatoki nje ya boma. Nikaona Popi hana haja ya mkanda na Mtasema anauhitaji. Niliuhamisha usiku ukiwa umelala. Nilidhani nimeokoa wote wawili.

Kuhusu Popi naomba usiniulize zaidi. Hakuwa na tabia ya kutoka.

Rhobi, umeshawaambia? Mtoto yule apelekwe. Apelekwe leo. Sema umesikia tetesi, sema umeota, sema chochote, ila mtaje bwana mifugo, usinitaje mimi. Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana. Kama umechelewa kwa sababu yangu sijui nitafanya nini.

E.


Susuni
Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Dada Everlyne,

Barua yako ya Jumatano ilinifikia Alhamisi, lakini mimi nilikuwa nimeshasema tangu Jumanne. Nilisubiri simu. Ilipolia nilikuwa nimekaa miguuni pa Bibi, nikasikia sauti yako yote. Bibi alipokata, aliniangalia akasema, "Mtu hapigi simu kutoka Serengeti kumsalimia mbwa. Rhobi, sema."

Nikamweleza tundu. Nilimpeleka zizini, nikamwonyesha. Bibi alifunga kitenge chake, akanishika mkono kama mtoto mdogo, tukaenda kwa mzee Ryoba.

Tulimkuta anakula. Bibi alikataa kukaa. Akasema, "Ryoba, mkanda ule si wa yule mbwa. Hajachanjwa. Mpeleke mtoto Bomani sasa hivi."

Aliendelea kushika tonge lake, halili wala haliweki. Akauliza, "Nani aliyeuhamisha?"

Bibi akasema, "Mtoto kwanza. Aliyehamisha hatakimbia."

"Nimeuliza nani, mama! Mwanangu nimemlaza nyumbani siku zote hizi kwa sababu ya mkanda wenu!"

Mama Bhoke hakusubiri jibu. Alikuwa ameshambeba mtoto mgongoni, anatafuta viatu, akavaa kimoja cha mumewe na kimoja chake, akatoka hivyo hivyo mpaka kwenye bodaboda. Jioni ile ile Bhoke alichomwa sindano ya kwanza, na dawa nyingine ikawekwa kwenye jeraha lenyewe. Alilia mpaka akapoteza sauti, mama yake ananiambia, kisha akamuuliza muuguzi, "Na mimi mtanivalisha mkanda?" Amerudi tena siku alizopangiwa, na bado anaendelea. Anaruka kamba. Nalitaja hilo kwanza kwa kuwa najua ndilo unalolitafuta katika karatasi hii.

Mzee Ryoba alibaki. Alichukua panga akaja kwetu, na safari hii alikuja na kaka zake wawili. Nilisimama mlangoni pa zizi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzuri njiani, ikapotea yote. Nikasema tu, "Baba, nimekosa, lakini naomba umsubiri Felix." Felix ni yule bwana mifugo, Bibi alikuwa ameshampigia. Kaka yake mkubwa akasema, "Huyu msichana wa Werema anaomba nini tena?" Mzee Ryoba akamjibu, "Nyamaza. Ndiye aliyekuja kusema."

Felix alifika na pikipiki imejaa vumbi. Alisema jambo moja, akalirudia mpaka walipoelewa. "Mkimuua leo, mtalala bila kujua alikuwa mzima au mgonjwa. Mkimfunga mkamwangalia, yeye mwenyewe atawaonyesha. Sindano za mtoto ziendelee vyovyote vile." Akaongeza kwamba kwa ajili ya lile jeraha la puani ataongeza siku za kumwangalia.

Basi Mtasema akaangaliwa. Sijui kama umewahi kuona kijiji kizima kinamwangalia mbwa mmoja akinywa maji. Mzee Ryoba alileta kigoda chake. Kila jioni alikaa mbele ya zizi, panga magotini, anamwangalia, Mtasema naye anamwangalia. Mate yalipomtoka kwa sababu ya harufu ya nyama, watu walikimbia. Siku ya kwanza alikataa maji. Siku ya pili pia, na usiku ule nilisali hadi nikalala nimepiga magoti. Siku ya tatu alikunywa. Mzee Ryoba alisimama akasema, "Kanywa! Mama, kanywa!" kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akakaa. Juzi nilimkuta anamsukumia bakuli kwa fimbo ndefu, anamwambia chinichini, "Kunywa, mpumbavu wewe, usiniulie mtoto."

Jana Felix alikuja kumpima mara ya mwisho. Mtasema ni mzima. Alichomwa sindano, tulimshika watu wanne, na mzee Ryoba ndiye aliyeshika kichwa. Amevalishwa mkanda mpya, wa bluu.

Ule mwekundu niliuomba. Felix alitaka kuukata, nikamwambia una mwenyewe. Nimeuweka ndani ya bahasha hii. Utauona una uzito mdogo sana.

Sasa nikueleze lililobaki. Mzee Ryoba ameniuliza mara mbili ni nani aliyeuhamisha, na watu wengi wanaamini ni mimi, kwa kuwa Popi alikuwa wangu na tundu nililitoboa mimi. Shuleni wananiita Bwana Mifugo. Sikukutaja. Usidhani nakuficha. Kwangu umeshasema, ila kwao ni zamu yako, na nikikutaja mimi nitakuwa nimekunyang'anya. Bibi anajua. Alisema tu, "Atakuja likizo. Mlango wa Ryoba anaujua." Mzee Ryoba naye alisema wakati anaondoka, bila kuniangalia, "Babu yako alitusema sana kwa mbwa huyu. Sasa na mimi nina la kusema." Sijui ni lipi. Sauti yake haikuwa mbaya.

Kuhusu kusukwa, na kijiji cha pili kuwa mbali, nimeshakusamehe. Hata kuhamisha mkanda nimejaribu kukuelewa. Ulimpenda wako, kama mimi nilivyompenda wangu, na kamba ilikuwa imekuchuna mikono. Nimeviweka hivyo upande mmoja. Lakini kuna mahali katika barua yako ambapo kalamu yako iliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi. Uliandika Popi hakuwa na tabia ya kutoka, kisha ukaniomba nisikuulize.

Nakuuliza. Asubuhi ile mimi nilikuwa shambani na Bibi. Nyumbani ulibaki wewe peke yako, unafua uani, na kutoka uani mtu anaona njia yote ya kisimani. Vijana wa doria walipita wanapiga filimbi, hata sisi kule shambani tuliwasikia.

Ukinijibu ukweli, uwe upi, nitakuja kukupokea stendi likizo ikianza, na tutaenda wote kwa Baba Bhoke. Nitatembea kushoto kwako kama tulivyokuwa tunaenda kanisani. Nimeshamwambia Mtasema unakuja. Mama Nyangwine atasubiri langoni mpaka umalize kuandika, hata kama dagaa wake watachelewa sokoni. Nijibu kwa mkono wake akirudi Jumapili.

Ulimwona Popi akitoka?

Mdogo wako,
Rhobi